Pikipiki ya Ronny na Mizigo ya Watu

"Mtoto wa Kemunto anaenda kufia jangwani, na mama mtu anajua, amenyamaza tu."

Maneno ya Fiona hayo. Wiki jana aliyasema jikoni mwa kanisa, kule Ladywood, hapa Birmingham, akidhani Kemunto ametoka nje. Kumbe Kemunto yuko nyuma ya mlango, sufuria ya pilau mikononi. Sufuria ikaanguka. Hapo ndipo tulipoachana, na wengine wenu mmeandika kuuliza kama pilau iliokolewa. Haikuokolewa. Sahauni pilau.

Uvumi ni kama harufu ya dagaa wa omena ndani ya nyumba ya ghorofa. Fungua dirisha, washa feni, pulizia marashi, bado mnaishi nao. Kemunto alilala nao Castle Vale, akaamka nao, akaenda nao kazini kwa wazee anaowatunza. Mzee mmoja aliyekuwa akimwogesha akalalamika, "Leo mbona unanisugua kama sufuria?"

Alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alichukua basi mpaka mjini, akapanda treni, akashuka Selly Oak na yunifomu yake chini ya koti. Hakupiga simu kwanza. Mama akipiga simu, vitu hufichwa.

Ronny ni mwanawe wa pekee, mwanafunzi wa uhandisi. Anapanga nyumba na rafiki yake Mahad, kijana wa Kisomali aliyezaliwa Eastleigh, Nairobi, na kukulia huku. Mahad ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona mgeni, tabasamu lilikuja likiwa limechelewa.

"Anti! Karibu. Ronny... Ronny yuko bafu."

"Yuko bafu, na namsikia akigonga chuma nyuma ya nyumba?"

Kemunto alimpita kama upepo. Uani palikuwa na pikipiki mbili kubwa, magurudumu yake kama ya trekta. Pembeni jerikeni za petroli, jerikeni za maji, tairi za ziada, hema. Ronny alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa grisi.

"Mum! Hukusema unakuja."

"Na wewe hukusema unaenda. Tuko sare."

"Ni safari tu, Mum. Pikipiki zinafungwa kwa kreti za mbao, ndege ya mizigo inazipeleka Nairobi, sisi tunafuata. Tunapanda Isiolo, Marsabit, halafu tunakata kulia."

"Kulia kuna nini?"

Ronny alirudi kukaza nati.

"Mahad, baba. Kulia kuna nini?"

"Kuna ayeeyo wangu, Anti. Nyanya yangu."

"Na kabla ya kumfikia nyanya?"

"Kuna mchanga."

"Na kwenye huo mchanga?"

Mahad alitazama viatu vyake. "Kuna askari kidogo."

"Askari kidogo!" Kemunto alicheka kicheko kisicho na furaha. "Sijawahi kusikia askari wakipimwa kama chumvi."

Ikabidi waseme. Ukanda ule wa mpaka umefungwa. Haingii mtu bila kibali cha wakubwa wa usalama. Wao wameomba kibali, wanangoja jibu. Ronny alifungua ramani kwenye meza ya jikoni akaanza kueleza kwa haraka, kama mtu anayeuza shamba. Wataendesha alfajiri, jua likikaza wajifunike turubai. Kwenye mchanga laini watapunguza upepo wa tairi. Maji watabeba ya kutosha na kubaki.

"Tumepanga kila kitu, Mum."

"Na mkinyimwa kibali?"

"Kuna njia ya ngamia," Ronny alisema polepole.

"Ngamia ana kibali?"

"Mum, chill."

"Usiniambie chill! Nilipasuliwa tumbo hospitali ya Kisii ili utoke. Sikukuzaa kwa njia ya ngamia!"

Mahad alicheka, akakumbuka asicheke, akakohoa.

"Mimi si mtoto," Ronny alisema. "Nimeamua. Ukilia, ulie. Nitaenda."

Kemunto hakulia. Aliinua mkoba wake, akatoka, na mlango ukafungwa taratibu nyuma yake. Mama anayefunga mlango taratibu ni wa kuogopwa kuliko anayeubamiza.

Ndani ya treni hakukaa. Alisimama karibu na mlango ingawa viti vingi vilikuwa vitupu, akibadilisha mguu huu na huu. Amnyang'anye pasipoti? Ni mtu mzima, ataomba nyingine. Awaite wachungaji? Ronny atawapa chai na kuwaonyesha ramani. Ampigie polisi simu? Awaambie nini, kwamba kijana ana hema?

Ndipo alipokumbuka safari yake mwenyewe ya mwisho kwenda nyumbani. Alikuwa na sanduku kubwa, na ndani yake gauni lake lilikuwa moja. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya watu. Viatu vya binamu ya fulani. Mashine ya presha ya mama wa fulani. Simu, vitamini, soksi za shule.

Ninyi mnaoishi huku mnajua ninachosema. Mkenya wa Birmingham akitaja safari ya nyumbani, kabla hajafunga mdomo ameshashikishwa mfuko. Na kukataa mzigo wa mtu ni sawa na kumwambia mama yake hana maana kwako.

Kemunto akatabasamu peke yake. Mwanamume aliyekaa karibu akahama kiti.

"Nitampakia," alisema kwa sauti. "Nitampakia mpaka pikipiki ipige magoti."

Kesho yake alichukua simu, akafungua kikundi cha Wakenya wa Birmingham, akarekodi sauti yake tamu, ile ya kutangaza harambee:

"Wapendwa, hamjambo. Ronny wangu anaenda nyumbani na pikipiki, na ana nafasi ya mizigo. Tena anafika mpaka mpakani kabisa, kule ambako mizigo yetu huwa haifiki. Mwenye chake apeleke Selly Oak. Mungu awabariki."

Msomaji, simama hapo. Yale maneno ya mpakani hakuna aliyemwomba ayaseme. Aliyaongeza ili mizigo iwe mingi, kama unavyoongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Sauti ile haikukaa Birmingham. Watu waliirusha Coventry, wakairusha Leicester, ikafika kwa watu wasiojua hata Kemunto ana sura gani.

Mizigo ikaanza kumiminika.

Simu ya kwanza ilitoka kwa Fiona. "Kumbe uvumi wangu ni kweli! Basi nina sufuria za presha, za dada zangu. Na usinikasirikie kwa yale ya jikoni, mimi niliongea kwa upendo."

"Peleka, dada. Peleka zote."

Kendi alipeleka gauni la harusi. Bethuel, shemasi, alipeleka spika za kanisa la kijijini kwao. Mtu alipeleka mashine ya cherehani. Kisha Ronny mwenyewe akapiga.

"Mum! Umefanya nini? Kuna mtu ameleta mlango wa gari!"

"Wa gari gani?"

"Mum!"

"Pokea, baba. Usikatae mzigo wa mtu. Utaniaibisha."

Alikata simu, akacheza kidogo kwenye korido ya nyumba yake, mikono juu. Mpango umeingia. Kijana atachoka, kreti haitafungika, safari itakufa kifo cha kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu ile pilau imwagike, Kemunto alikula akashiba.

Jumamosi alienda Selly Oak kupokea ushindi wake. Alibeba na chapati, maana mshindi hana haja ya kununa.

Korido ya nyumba ile ilikuwa haipitiki. Alipanda juu ya mifuko, akaruka cherehani, akatokea jikoni. Kupitia dirisha aliona uani kumebaki pikipiki moja tu. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Mmeuza moja!"

Ronny alikuwa amekaa, kichwa mikononi. Hakuinuka kumsalimu.

"Hatujauza. Iliyoondoka ni yangu. Kreti yake ilichukuliwa jana, ya Mahad inafuata."

Chapati zikawa nzito ghafla.

"Lakini mizigo... mizigo haikuwashinda?"

"Mum, keti." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyekasirika, na hiyo ilimtisha mama zaidi. "Tulikuwa tumeacha. Unanisikia? Siku ile ulipoondoka tu, jibu lilikuja, tukanyimwa kibali. Njia ya ngamia Mahad mwenyewe aliikataa, alisema huo ni ujinga wa mitandao. Tulikuwa tunakuja kwako Jumapili na keki, tukwambie yamekwisha."

"Mlikuwa mmeacha?"

"Tulikuwa. Kisha ukatuma ile sauti."

Mahad aliyekuwa ameegemea friji akamalizia. Sauti ilimfikia mama yake, Halimo, anayeishi hapo hapo mjini. Halimo aliposikia "mpakani kabisa" aliruka kwa shangwe. Alimpigia mama yake aliye ndani ya ukanda uliofungwa, yule ayeeyo: mjukuu anakuja na dawa yako ya macho! Ayeeyo akatangazia kijiji kizima. Mbuzi akachinjwa.

"Sasa mama, hooyo wangu, nimwambie nini, Anti?" Mahad aliuliza. "Kwamba siji? Wakati umemwambia dunia nzima nakuja?"

"Na mimi siwezi kumwacha aende peke yake," Ronny alisema. "Kwa hiyo tunaenda. Njia ya ngamia."

Kemunto aliweka chapati mezani. Moto ulikuwa umezimika wenyewe, na yeye ndiye aliyeuwasha tena, na kuni akaleta mwenyewe.

Kabla hajapata neno, mlango ukagongwa. Aliingia Halimo, amevaa jilbab ya kahawia, mfuko mdogo wa dawa kifuani kama anabeba mtoto mchanga.

"Mama Ronny!" Alimkumbatia Kemunto kwa nguvu. "Mungu akupe kila unachotaka. Miaka hii yote hakuna mtu aliyewahi kusema kule kunafikika. Wewe ndiye wa kwanza."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungenyamaza, upokee baraka? Kemunto karibu anyamaze. Alimtazama mwanawe, akaona shingo yake, ile shingo aliyokuwa akiipaka mafuta kabla ya shule.

"Mama Mahad, nisamehe. Nilidanganya. Hakuna kufikika. Wamenyimwa kibali. Wanataka kupita kwa siri kwa ajili ya hizo dawa."

Tabasamu la Halimo lilizimika. Aligeuka kwa mwanawe.

"Mahad. Anasema kweli?"

"Hooyo, ayeeyo anangoja."

"Ayeeyo amengoja mvua maisha yake yote. Atakungoja na wewe!"

"Lakini macho yake..."

"Macho yake yanaona vizuri kuliko akili yako! Nimezaliwa kule mimi. Mtu anayepita gizani kule, askari wanamwona adui, na adui wanamwona askari. Wote wawili wanapiga kwanza. Utapiga honi ya pikipiki uwaambie wewe ni mjukuu wa nani?"

Alitoa simu pale pale, akampigia mama yake, akaweka sauti juu. Wakaongea Kisomali kwa kasi. Kemunto hakuelewa hata neno, akabaki kuwasoma nyuso. Mara kicheko cha bibi kizee kikajaa jikoni, kikavu, kirefu.

"Anasemaje?" Kemunto aliuliza.

Halimo alikuwa akifuta machozi, lakini anacheka pia. "Anasema alijua hawaji. Watoto wa Ulaya hawaji. Alichinja mbuzi kwa sababu walitaka nyama. Tayari wamemla."

Jikoni pakalipuka kwa kicheko. Mahad aliketi chini sakafuni kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Ronny alimshika mama yake mkono, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu shule ya msingi. Dawa zitatumwa kwa mtu mwenye ruhusa, Halimo alisema, hata zikichelewa. Safari imekufa. Kreti ya Ronny ikifika Nairobi, jamaa yao ataisimamia, pikipiki iuzwe huko huko.

Laiti ningeishia hapo.

Wakaanza kutenganisha mizigo ili kila mtu arudishiwe chake. Fiona, sufuria. Kendi, gauni. Ule mlango wa gari ulirudi uani. Mwishoni ukabaki mfuko mmoja usio na jina, umezungushiwa blanketi ya kijani ya mtoto.

"Wa nani huu?" Halimo aliuliza.

"Ulikuja katikati ya wiki," Ronny alisema. "Jamaa fulani, amevaa kofia. Alisema Mama Ronny amemruhusu."

"Mimi? Sikumruhusu mtu yeyote wa kofia."

Halimo alifungua blanketi. Ndani kulikuwa na darubini nyeusi, nzito. Aliigeuza mara moja tu, akaiweka mezani haraka kama iliyomchoma.

"Hii si ya kutazama ndege. Hii ni ya kuonea gizani."

"Kwani ni mbaya?" Kemunto aliuliza.

"Huku ni kitu cha dukani. Kule mpakani, askari akikukuta nayo, hakuulizi jina lako. Anakuuliza la aliyekutuma. Mjomba wangu walimkuta na redio ya kawaida tu ya kusikiliza habari. Alitoka jela na mvi." Alimkazia Ronny macho. "Huyo mtu alisema mumpelekee nani?"

"Alisema tukifika kisimani karibu na mpaka, kuna mtu atakuja kuchukua. Tusiulize jina. Nilitaka kukataa, lakini Mum alisema nisikatae mzigo wa mtu."

Kemunto alishika ukingo wa meza.

"Haidhuru," alisema, akijikaza. "Iko hapa. Haijaenda popote. Tunaipeleka polisi leo, tunasema tulivyoipata, yameisha. Si yameisha?"

Mahad alikuwa akimtazama Ronny. Ronny alikuwa akiitazama ile blanketi.

"Ronny, si yameisha?"

"Mum... alileta mifuko miwili."

"Mwingine uko wapi?"

"Niliuweka kwenye boksi la pembeni la pikipiki yangu. Ndani ya kreti."

"Ulifungua ukaona kuna nini?"

Alitikisa kichwa. Hapana.

"Na kreti imeandikwa jina la nani?"

"Langu. Na sahihi yangu, kwamba vitu vyote vilivyomo ni vyangu."

Ndugu zangu, mnaona ilivyokuwa? Mama alihangaika mwanawe asipande kwenda kule. Mwana akabaki jikoni Selly Oak, mzima, anakula chapati. Lakini jina lake lilikuwa hewani tayari, limefungwa na misumari, linamtangulia.

Ronny alirukia koti lake. "Lazima niende Nairobi niitoe kabla haijafunguliwa."

"Ukienda, wataona umeifuata," Mahad alisema. "Umekiri."

"Na nisipoenda? Wataona nimetoroka!"

Kemunto alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono imetanda huku na huku, mgongo kwenye mbao. "Hapa hupiti. Unisukume kwanza."

"Mum, toka."

"Nisukume!"

Wakasimama hivyo, mama na mwana, pua kwa pua, Halimo akiomba Mungu kwa sauti ya chini. Ndipo simu ikalia ndani ya koti la Kemunto. Namba ngeni. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

Mama mwenzangu unayesoma, nikuachie haya uyaweke mahali utakapoyaona. Mimi pia nina wa kwangu, na kila pikipiki ikipita chini ya dirisha langu nasimama kuchungulia.

Usitangaze safari ya mtoto kwenye kikundi, hata cha kanisa.

Usitaje njia atakayopita wala mahali atakapofika.

Usipokee mfuko uliofungwa. Mwenyewe aufungue mbele yako au aondoke nao.

Usimruhusu mtoto kusaini kwamba vitu vya watu ni vyake.

Usiingie ukanda uliofungwa bila kibali, hata kama nyanya yako yuko upande wa pili. Ukinyimwa, umenyimwa, hakuna njia ya ngamia.

Usiogope kukataa mzigo. Aibu ya siku moja hupita.

Usimzuie mwanao kwa hila. Mwambie unaogopa, na umwambie kwa nini.

Na ukiwa umechanganyikiwa, usipokee simu ya mtu usiyemjua.

Kemunto alipokea.